Ampli ya Katuba iliyokwama ku wati 12

Mdogo wangu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, mdogo kwa urafiki si kwa damu, alinipigia jumamosi asubuhi akaniambia yaya, zimeungua tena. Nilijua anaongelea nini. Ilikuwa mara ya tatu, transista sita zimeisha, mbili mbili kila safari, na kila safari alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, wati zaidi ku ampli, chombo cha kuongeza nguvu ya redio, aliyoijenga mwenyewe. Nikamwambia usinunue zingine, usiguse kitu, ninakuja na multimetri yangu tuanze kwa kupima, maana mpaka ile siku alikuwa anabadilisha tu na hajapima hata mahali pamoja. Nimeona niandike kisa chote, tena kwa urefu, juu kuko wengine hapa Lubumbashi, na Likasi, na Kolwezi, na hata kule Bukavu na Goma, wako na ampli iliyokwama palepale na wanaendelea kuchoma pesa.

Vyombo vyenyewe kwanza. Foni yake, yaani redio ya kuongea na kusikiliza, ni BITX40, ile kadi ya elektroniki iliyochorwa na Ashhar Farhan wa Uhindi, inatoa karibu wati 7 ku bendi ya mita 40, yaani megahezi 7 hivi, ukiipa volti 12. Leseni anayo, indikatifu yake, jina la redio linaloanza na 9Q, anaitaja kila mara kama inavyotakiwa, na ninalisema hilo mbele ya yote juu mambo ya kuongeza nguvu ni ya mtu mwenye ruhusa, hapa kwetu foni isiyo na karatasi inaweza kukutia ku matatizo makubwa kabisa. Nyuma ya BITX ameweka ampli ya IRF510 mbili za pushipuli, yaani moja inashughulika na nusu ya wimbi na ingine na nusu ya pili, kisha transfo ndogo ya feriti inakusanya nusu zote na kuzipeleka ku anteni. IRF510 haikuzaliwa transista ya redio, iliundwa kwa kuwasha na kuzima mota na saplai, lakini bei yake ni ndogo, inavumilia mpaka volti 100, na ku mita 40 inafanya kazi vizuri, njo maana watu wa redio dunia nzima wanaitumia. Alisikia mbili zinaweza kufika wati 40 ao 50. Yeye alikuwa anapata 12.

Ninamuelewa sana vile anavyotamani. Sisi tuliokua kabla simu ya mkononi haijaja tunajua foni ni nini, mtu alikuwa anaenda ku nyumba ya foni, anapanga mstari, anangoja zamu yake, halafu anaongea na dada yake wa Kalemie dakika chache huku kila mtu anasikia, na bado anarudi nyumbani anafurahi. Huyu kijana hakuona hayo kwa macho yake lakini ameyarithi ku masikio. Anataka Kolwezi wamsikie bila kurudia neno mara nne. Kwangu hilo ni jambo la maana kabisa.

Sasa alichokuwa anafanya. Ku ampli ya aina hii kuko poto mbili ndogo, vifundo vya kuzungusha, moja kwa kila transista, za kuweka kurante ya kupumzika, yaani mkondo wa umeme unaopita hata kama hauongei. Yeye kila akiona wati hazipandi anazungusha poto. Alianza na miliampea 50 kwa kila transista, akafika 300. Ku watimetri yake sindano ilipanda kidogo sana, radiata, chuma cha kupoza transista, ikawa moto wa kuchoma kidole, na baada ya dakika tano za kuongea ikatoka harufu na kazi imeisha. Wengi wanaamini poto ile ni mlango wa nguvu, na mimi pia niliamini hivyo miaka ya kwanza. Kazi yake ni sauti: ukiiweka chini kabisa sauti inakatikakatika kila wimbi likipita ku sifuri, ukiiweka sawa sauti inanyooka, na kupita hapo unaongeza moto tu. Tena IRF510 ikipata moto inafungua zaidi yenyewe, kurante inapanda, moto unaongezeka, kurante inapanda tena, mpaka mwisho. Ukipanga miliampea 300 ikiwa baridi, dakika tano baadaye hauko na 300 tena.

Nilipofika nikaomba chai, halafu nikamwambia tusude, yaani tuunge kwa risasi, kwanza mzigo wa kupimia, juu ku anteni hauwezi kujua kitu, anteni iko na mambo yake. Tulichukua rezistansi 20 za ohmu 1000, za wati 2 kila moja, zile za kaboni si zile za waya uliozungushwa, tukazisude zote sambamba kati ya vifuniko viwili vya kopo la maziwa. Elfu moja kugawa 20 ni ohmu 50, na zote pamoja zinabeba wati 40, ukizizamisha ku chupa ya mafuta zinabeba zaidi kwa muda mfupi. Tulitumia mafuta ya kupikia. Hapa nisisitize, usiende kuomba mafuta ya transfo kubwa za zamani, mengi ya zamani yalikuwa na PCB na hiyo ni sumu inayokaa mwilini miaka na miaka, watoto wanacheza mu ile nyumba. Juu ya mzigo tukafunga diodi mbili za 1N4148 mfululizo na kondansateri ndogo, multimetri inasoma kilele cha wimbi. Hesabu ni nyepesi: voltaji unayosoma, zidisha yenyewe kwa yenyewe, gawanya kwa 100, umepata wati. Diodi moja haitoshi, ku wati 40 kilele ni zaidi ya volti 60 na diodi inapokea mara mbili ya hiyo upande wa kurudi, itapasuka.

Tukatoa transista zilizoungua, tukaweka mbili za mwisho za pakiti yake, halafu nikamwambia piga mluzi ku mikro, mrefu, bila kutetemeka. Volti 35. Thelathini na tano kwa thelathini na tano ni 1225, gawa kwa 100, wati 12 na kidogo. Basi watimetri yake haikudanganya. Alinitazama kama mtu aliyetumaini chombo njo kibovu.

Sasa njo ikaja sehemu iliyonishangaza hata mimi. Nikaacha mzigo, nikaweka multimetri ku kadi ya ampli yenyewe, palepale volti inapoingilia, nikamwambia piga mluzi tena. Bila mluzi ilisoma 12.6. Na mluzi ikaanguka ku 10.3. Volti mbili na nusu karibu zimekwenda, na hazikwenda ku anteni. Batri alikuwa ameiweka ku baraza, nje, kwa sababu ya gazi yake, na hapo alifikiri vizuri, lakini kutoka baraza mpaka meza ni mita 7, kwenda na kurudi mita 14. Tukapima kipande kwa kipande mluzi ukiendelea, tukipumzika katikati: ku batri yenyewe inashuka 0.5, hiyo ni kawaida ya batri ya umri wake. Ku nyumba ya fuzi 0.3, mguu wake ulikuwa umeota kutu ya kijani. Ku fili, yaani waya, ya chanya 0.8, ku fili ya hasi 0.7. Jumla 2.3, hesabu imefunga. Na kurante yote ilikuwa ampea 3 tu, ampli pamoja na BITX, juu zote zinakunywa ku fili ileile.

Fili yenyewe ilikuwa ile ya spika, nyekundu na nyeusi, nene ukiitazama. Nikasema fili nene hivi haiwezi kula volti moja na nusu kwa ampea 3. Nikaomba wembe, nikakwangua waya mmoja taratibu ku mwanga wa dirisha. Juu rangi ya shaba, nzuri, inang'aa. Ndani nyeupe. Nikamuonyesha, akachukua wembe akakwangua mwenyewe ku ncha ya pili, nyeupe vilevile. Ni aliminiamu iliyopakwa ngozi ya shaba, na aliminiamu ya unene uleule inazuia kurante zaidi ya mara moja na nusu ukiilinganisha na shaba safi, tena ukitoa plastiki yake ya nje, fili inayobaki ni nyembamba sana. Mdogo wangu alikaa kimya kidogo. Hii ni Lubumbashi, mkoa wetu uliitwa Shaba kutoka 1971 mpaka 1997, baba zetu wameyeyusha shaba maisha yao yote, na kijana wa hapahapa anauziwa rangi ya shaba akidhani ni shaba. Inaniuma kweli. Tangu siku ile sinunui fili bila kukwangua, na wewe usione haya kumuomba muuzaji wembe.

Kabla hatujagusa fili nikamuuliza filtri ya kutokea, kichujio cha kabla ya anteni, iko wapi. Akanionyesha ile iliyo ndani ya BITX. Hiyo inasafisha BITX, nikamwambia, ampli inazalisha uchafu wake mpya na nyuma yake hakuna kitu kinachousafisha. Transista ikisukumwa kwa nguvu inatoa 7.1 megahezi unayotaka, pamoja na mara mbili yake, mara tatu yake, na kuendelea. Pushipuli inafuta zile za shufwa kwa sehemu, lakini mara tatu, 21.3, inapita na kwenda mbali, inaingilia watu wengine, na diodi yetu ku mzigo inahesabu yote pamoja kama wati. Akakumbuka jirani alilalamika juu ya televizio. Tukajenga filtri ya hatua saba ya mita 40: kondansateri 270 pikofaradi, 680, 680, 270, za volti 500, na bobini tatu ku pete nyekundu za T50-2, mizunguko 17, 19, 17. Hiyo ni jioni nzima na fili ya enameli na macho mazuri. Tulipoiweka, volti 35 zikawa 32 hivi. Wati 12 zikawa 10. Aliona tumepoteza mbili. Zile mbili hazikuwahi kumsaidia Kolwezi, zilikuwa zinaenda kumsumbua jirani.

Kesho yake jumapili baada ya misa tukaanza kurekebisha. Batri tukaisogeza ku ukuta wa nje chini ya dirisha, fili ya shaba ya milimita mraba 4 ikapita ku tundu la fremu, urefu mita 2. Nyumba ya fuzi mpya. Mluzi: ku kadi volti 12.0 kamili, ku mzigo 37. Wati karibu 14. Kwa fili peke yake tumepata karibu wati 4 juu ya 10, bila transista mpya.

Halafu transfo ya kutokea. Alitumia feriti moja ya kable ya kompyuta ya zamani, fupi, na baada ya dakika moja ya mluzi ilikuwa haishikiki. Moto ule umetoka wapi kama si ku wati zako? Tukaweka mirija miwili mirefu ya feriti ya aina ya 43, bomba la shaba likipita ndani kama mzunguko wa kwanza, na fili ya tefloni mizunguko miwili kama wa pili. Dakika moja ya mluzi, vuguvugu tu. Volti 39, wati 15.

Hapo njo akasema, yaya, 15 bado si 40. Ni kweli, na hapa njo kuko hesabu ambayo ingemuokolea transista zote sita kama mtu angemkalisha chini mapema. Transista inaweza kuyumbisha voltaji kutoka juu karibu na ya batri mpaka chini karibu na sifuri, haiwezi kupita hapo hata uifanyie nini. Kwa hiyo wati zinaamuliwa na vitu viwili: voltaji yako, zidisha yenyewe kwa yenyewe, na ohmu ambazo transista inaona kupitia transfo. Transfo ya mzunguko 1 kwa 2 inageuza ohmu 50 za anteni kuwa 12.5 kati ya dreni na dreni, ile miguu ya kutokea ya transista mbili. Na volti 12 ku ohmu 12.5, ukitoa pia kile transista inachobaki nacho yenyewe, maana IRF510 ikiwa wazi kabisa bado iko na zaidi ya nusu ohmu, unapata 15, 16. Ile 15 yetu haikuwa ugonjwa tena. Ilikuwa ukomo. Unaweza kuzungusha poto mpaka kesho, ukomo haujali poto.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kubadilisha transfo kuwa 1 kwa 3, ohmu zinashuka mpaka 5 na nusu, wati zinaongezeka hata na batri moja, lakini kurante inakuwa kubwa sana na ile nusu ohmu ya IRF510 inaanza kula sehemu kubwa, ungepata labda 30 na moto mwingi. Ya pili ni kuacha transfo na kuongeza volti. Voltaji mara mbili ni wati mara nne. Niliichagua ya pili bila kusita. Batri ya pili alikuwa nayo, ya sola ya taa, ya ukubwa uleule, tukaunga mfululizo, volti 24 kwa ampli na katikati tukachomoa 12 kwa ajili ya BITX.

Alikuwa tayari ameshika fili anataka kuunga. Nikamshika mkono. Tazama kondansateri hii kwanza. Ilikuwa ya mikrofaradi 470, ya bluu, imekaa palepale volti inapoingilia, na ubavuni imeandikwa 16V kwa herufi ndogo sana. Ukiipa 24 itavimba kichwa, halafu itapasuka, na unakaa umeinama juu yake ukiangalia multimetri, macho yako iko sentimita 30. Tukaweka ya volti 50. Rele, ile swichi ya umeme ya kubadilisha anteni, pia ni ya volti 12, tukaipeleka ku 12 ya katikati. Kile kidude cha 7805 kinachopa poto volti 5 kinavumilia mpaka 35, kikabaki. Mtu anayepanda volti apitie kadi yake yote hivyo, kipande kimoja kimoja, asome kilichoandikwa ubavuni, ndipo aunge.

Siku ile ya kwanza, tulipofungua transista za mara ya tatu, zilizokufa, tulikuta kilichoziua. Mgongo wa chuma wa IRF510 umeungwa na dreni, kwa hiyo lazima uutenge na radiata, na watu wanatumia mika, kijikaratasi chembamba cha jiwe, na pati ya joto pande zote mbili. Yeye hakupata mika, akakata plastiki ya jalada la daftari. Umeme haupiti, ni kweli, joto pia halipiti. Plastiki ilikuwa imelainika na kupata alama ya skurubu. Nilipoiona nilijua hata transista za dhahabu zingekufa pale. Yeye alikuwa amemshuku muuzaji kwamba ni za bandia, na mimi nilimshuku pia, ziko nyingi za bandia, lakini hizi mbili za mwisho tulizotumia zilitoka ku pakiti ileile na mpaka leo ninapoandika ziko zinafanya kazi.

Fanya hesabu ya joto kidogo na mimi. Ku wati 42 ampli inakunywa volti 24.1 na ampea 3.6, karibu wati 87. Arobaini na mbili zinaenda ku anteni, 45 zinabaki kama moto, 22 na kidogo kwa kila transista. IRF510 inapanda digrii 3.5 kwa kila wati kati ya ndani yake na mgongo wake, basi ndani iko karibu digrii 79 juu ya mgongo. Mika na pati vinaongeza 20 hivi. Radiata ikiwa digrii 50, ndani uko karibu 150, na mwisho wake ni 175. Na hiyo ni kwa mluzi usiokatika, kuongea kawaida ni nafuu sana kuliko hapo. Tulitumia radiata kubwa ya ampli ya muziki iliyokufa, na feni ya kompyuta inapuliza ku mapezi yake. Poto tukazirudisha ku miliampea 80 kwa kila transista, na diodi ya kupima joto tukaifunga juu ya radiata ili kurante ya kupumzika ishuke radiata ikipata moto.

Mluzi wa kwanza ku volti 24 ulitupa kilele cha 74, wati 55 hivi. Alipiga makofi. Lakini nilikuwa na redio ndogo ku chumba cha pili ikisikiliza, na sauti yake ilikuwa pana, inachafua kilohezi pande zote, vilele vya sauti vimekatwa bapa juu ya ukomo. Tukapunguza msukumo kutoka BITX kwa kuongeza rezistansi ku mlango wa kuingilia, mpaka kilele kikawa 65. Sitini na tano kwa sitini na tano ni 4225. Wati 42, sauti imenyooka. Alibishana kidogo juu ya zile 13 tulizoacha, nikamuambia mtu wa Kolwezi hawezi kuzisikia, nitakuonyesha.

Jioni akaita Kolwezi, kilomita kama 240 kwa mstari wa ndege. Rafiki wa kule alikuwa ametuandikia ripoti kabla: na zile wati 10, S5, S ikiwa alama za nguvu ya kusikika. Sasa na 42, akasema S6. Sura ya mdogo wangu ilianguka. Siku mbili nzima za kazi, batri ya pili, alama moja tu? Nikamueleza: kila alama ya S ni desibeli 6, na desibeli 6 ni nguvu mara nne. Umetoka 10 umefika 42, ni mara nne, umepata alama yako moja, ulichopewa ni haki yako kamili. Kutoka 42 kwenda 55 ni desibeli 1 na kidogo, sindano haitasogea. Ukitaka alama ingine kwa ampli peke yake itabidi uende wati 168.

Aliposikia 168 akaniambia kitu kilichoniogopesha, kwamba kuko rafiki anataka kumpa lampu kubwa ya redio za zamani na transfo ya mikrowevu. Nitaandika hapa kama nilivyomwambia. Transfo ya mikrowevu inatoa karibu volti 2000 na kurante inayotosha kabisa kuua, haikutupi mbali, inakushika na moyo unasimama, na kondansateri zake zinabaki na umeme hata ukichomoa fishi. Katuba, ku chumba chenye wadogo zake wanaopitapita, na kurante ya mtaa inayokatika na kurudi bila kusema. Nilimwomba aniahidi hatafanya, akaniahidi. Volti 24 ina hatari yake, ukigusa upande wa anteni wakati wa kuongea inakuchoma kidole mpaka ndani na inachelewa kupona, lakini utaamka kesho.

Tukatoka nje tukaangalia anteni. Dipoli, anteni ya fili yenye urefu wa mita 20, imekatwa vizuri, ROS 1.4, ROS ikiwa kipimo cha nguvu inayorudishwa na anteni. Imefungwa ku ukuta na ku kamba ya nguo, mita 3 juu ya udongo. ROS nzuri ilikuwa imemdanganya, aliamini ROS nzuri ni anteni nzuri, kumbe udongo unameza nguvu na kukupa ROS nzuri vilevile. Ku bendi ya mita 40 dipoli iliyo mita 3 tu juu inapasha joto kiwanja. Ku kiwanja cha jirani kuko mwembe mkubwa. Jirani ni yule wa televizio. Mdogo wangu alienda kumsalimia mwenyewe, akamueleza habari ya filtri, akamuomba awashe televizio huku sisi tunapiga mluzi, ikakaa safi, na mzee akasema panda. Katikati ya dipoli ikaenda karibu mita 9 juu, miguu miwili ikashuka pembeni. Tukaikata sentimita chache tena juu ilibadilika kidogo. Wati zilezile 42. Kolwezi akasema S7, na mara ingine sindano inagusa 8.

Kesho yake saa moja ya jioni, bendi ikiwa imefunguka mbali, Bukavu akajibu kutoka zaidi ya kilomita 1000, akarudia indikatifu mara moja tu. Mdogo wangu hakusema kitu. Aliandika ku daftari lake saa na ripoti, akachora mstari chini yake mara mbili.

Mvua ikianza, tumekubaliana kable ya anteni inachomolewa na kutupwa nje ya dirisha kila akimaliza, juu radi za hapa hazina mchezo na mwembe ule uko mrefu kuliko nyumba zote za karibu. Na jambo moja limebaki ambalo bado tunalifuata. Batri ya chini inalisha ampli pamoja na BITX, ya juu inalisha ampli peke yake, kwa hiyo hazichoki sawa, baada ya saa mbili za kuongea ya chini ilikuwa 11.9 na ya juu 12.3. Ukizichaji pamoja mfululizo, ya juu itajaa kupita kiasi na ya chini haitajaa. Anazichaji moja moja ku sola, na kila jumapili anabadilisha nafasi zake, ya chini inaenda juu. Juzi alinitumia picha mbili za multimetri asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6, na 12.6.